Chakula Kimelipiwa Nairobi, Kitaliwa Machakos

Jumamosi asubuhi, Barabara Kuu ya Mombasa hubeba abiria wengi wasiokwenda Mombasa. Kuna akina mama wa chama kutoka Umoja, vijana wa kanisa kutoka Kayole, wafanyakazi wa ofisi fulani waliovalia fulana za rangi moja. Wakifika Kyumbi wanakunja kushoto, na punde si punde wako mjini Machakos, takriban kilomita 65 kutoka Nairobi. Chakula chao cha mchana kimelipiwa tangu katikati ya juma. Mweka hazina alikusanya michango, akalipa kwa Lipa na M-Pesa, kisha akabandika ujumbe wa malipo kwenye kundi la WhatsApp ili mtu yeyote asije akamtilia shaka.

Watu hawa wanapofika kwenye bustani ya Machakos People's Park wanakutana na jambo ambalo wengi hawakulifikiria walipokuwa wakichanga. Mlaji wa kawaida akisimama mbele ya kibanda cha chakula, jicho lake linakwenda kwanza kwenye bei, na bei humsaidia kukata shauri. Aliyelipa mapema hana msaada huo. Pesa imekwenda, hairudi. Kilichobaki mkononi mwake ni saa chache za siku, tumbo moja, na kipande cha karatasi chenye mhuri au jina lake kwenye orodha. Ale wapi, ale nini, ale saa ngapi?

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 2014, enzi za gavana wa kwanza wa kaunti, Alfred Mutua, kandokando ya bwawa la Maruba. Haina mabembea makubwa ya kutisha kama viwanja vya burudani vya ng'ambo. Ina nyasi, maji, ukumbi wa wazi wa tamasha, vifaa vya kuchezea watoto na sehemu za kula, na kwa familia ya Nairobi inayoishi ghorofa ya nne hizo nyasi peke yake zinatosha kuwa sababu ya safari. Tatizo ni kwamba kila mtu huzifuata siku moja. Wikendi na sikukuu, kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, foleni ya chakula ndiyo burudani ndefu kuliko zote.

Walioendeleza mchezo huu wa kulipia chakula kabla ya kukila hadi ukawa kama mtihani wa hesabu ni watu wa Disney. Kwenye bustani zao za Florida, zilizoanza kufunguliwa Oktoba 1971, mgeni anayelala katika hoteli zao anaweza kununua mpango wa milo kabla ya kutoka kwao. Hapewi pesa za kutumia; hupewa hesabu ya milo. Kuna milo ya kuchukua kaunta na milo ya kuketi mezani ukahudumiwa, na kuna vitafunio. Mgahawa wa kawaida wa mezani unakukata mlo mmoja, ilhali baadhi ya migahawa ya kifahari hukukata miwili kwa mkupuo. Meza zinazopendwa huwekwa nafasi siku 60 kabla. Mlo ambao hujautumia hufa usiku wa manane wa siku unayoondoka hotelini. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona, ukarejeshwa Januari 2024, na mashabiki wake wakarudi kwenye kazi yao ya kulinganisha bei ya kila sahani na thamani ya kila mlo.

Mkenya hahitaji kufika Florida kuelewa hesabu hiyo. Ni vifurushi vya data. Unanunua leo, unahesabiwa kwa megabaiti, na saa sita usiku ikigonga kilichobaki kinayeyuka; ndiyo maana Safaricom ilipoleta vifurushi visivyoisha muda Oktoba 2019 watu walishukuru kama waliofunguliwa pingu. Kila anayeuza kitu kwa malipo ya mapema na muda wa mwisho anajua kuwa sehemu fulani haitatumika, na hiyo sehemu ni faida isiyo na jasho. Mtoto atakayelala kabla ya kula, mama atakayesema hana hamu, mjomba atakayefika bustanini saa kumi wakati jikoni kumeshafagiliwa: wote hao wamekwisha kupigiwa hesabu na muuzaji, wajue wasijue.

Sasa, maoni yangu, na najua kuna waweka hazina watakaoyapinga: kosa kubwa la vikundi vinavyokwenda Machakos ni kulipia mapema vitu visivyostahili kulipiwa mapema. Chipsi na kuku wa kukaanga hupatikana wakati wowote. Soda ni ileile. Aiskrimu haihitaji kuagizwa Jumatano. Ukilipia vitu hivyo siku tatu kabla, umejifunga kwa kibanda kimoja bila kupata chochote kama malipo ya kufungwa huko. Kilicho cha thamani katika kulipa mapema ni muda wa mpishi. Mpishi aliyejulishwa jana anaweza kufanya mambo ambayo mpishi aliyejulishwa sasa hivi hawezi hata akitaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni mbuzi.

Ukambani mbuzi mzima ndiye mpango wa chakula wa kulipia kabla ulio mkongwe kuliko mingine. Kikundi kinatuma malipo ya awali, mbuzi anatafutwa, anachinjwa asubuhi na mapema, na wageni wanapofika moto umeshakuwa makaa. Hapo tofauti na kununua kwa kilo huonekana. Anayenunua kwa kilo huchagua nyama iliyoning'inia kwenye ndoano, hupimiwa ikiwa mbichi, kisha hukaa kungoja saa nzima na zaidi, maana nyama ya mbuzi ikiharakishwa kwenye moto mkali hukauka nje na ndani ikabaki na damu. Wenye pupa huishia kula kachumbari yote kabla ya nyama kufika. Ikifika nayo ni ndogo kuliko walivyotazamia, kwa sababu mizani ilisoma maji na mafuta ambayo sasa yamedondokea kwenye makaa.

Aliyelipia mbuzi mzima ana mamlaka mengine. Anaweza kuamua mbavu na mapaja yachomwe, shingo na vipande vyenye mifupa mingi vichemshwe au vikaangwe kwa nyanya na dhania, kichwa na miguu viwe supu, na utumbo uoshwe vizuri utengenezwe mutura. Supu inatangulia, kwenye vikombe, wakati watoto bado wanakimbia kwenye nyasi. Mutura unafuata, ukikatwa vipande kwenye ubao na kuchovywa kwenye chumvi na pilipili. Nyama ya kuchoma inakuja watu wakiwa wametulia, pamoja na ugali. Mlo wa namna hiyo unachukua alasiri nzima na haumlazimishi mtu kusimama kwenye foleni. Mbuzi wa wastani akishachunwa hutoa kama kilo 10 hadi 15, kwa hiyo ukihesabu nusu kilo ya nyama mbichi kwa kila mtu mzima, anatosha watu 20 hadi 30, na watoto wanapenya katikati. Kikundi cha watu wanane kikiagiza mbuzi mzima kinajitafutia kazi ya kubeba nyama kwenye mifuko ya plastiki, ambayo nchi hii iliipiga marufuku tangu 2017, kwa hiyo hata ubebaji wenyewe unahitaji mpango.

Kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutuma pesa ya mbuzi, na wengi huyasahau wakayauliza wakiwa tayari mezani. La kwanza ni nani atakayechinja, kama kikundi kina Waislamu. Machakos ina jamii ya Waislamu ya tangu zamani, kwa hiyo mchinjaji anayefaa hupatikana bila shida, lakini apatikane asubuhi, si baada ya mbuzi kuwa makaani. La pili ni vipi kuhusu ngozi, kichwa na matumbo: je, ni vya mteja au vimebaki kwa mwenye bucha? Ugomvi mwingi wa vikundi nilioushuhudia haukuhusu nyama hata kidogo. Ulihusu supu iliyotarajiwa na haikuonekana.

Chakula kingine kinachostahili kulipiwa mapema ni muthokoi. Mahindi hutwangwa kwenye kinu, siku hizi zaidi kwa mashine, mpaka maganda yatoke, kisha huchemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi kwa saa kadhaa mpaka yalainike. Hakuna kibanda cha wikendi kitakachokupikia muthokoi ukiwa umesimama. Utapata ule uliopikwa kwa ajili ya watu wengine, ukibahatika, au utaambiwa umeisha. Kuku wa kienyeji vilevile. Yule jogoo mwenye misuli anataka muda wake. Wazee wanaoletwa na wajukuu wao kutembea bustanini mara nyingi vyakula hivi ndivyo wanavyovitaka, nao ndio huishia na sahani ya chipsi baridi kwa sababu kijana aliyepanga safari alichagua chakula kinachopendwa na vijana.

Machakos ina mpango mwingine wa milo uliolipiwa, na huu huenda unalisha watu wengi zaidi kuliko bustani: semina. Kaunti hii iko umbali unaopendwa na waandaaji. Ni karibu kiasi cha basi kufika kabla ya chai ya saa nne, na ni mbali kiasi cha kumzuia mkurugenzi kuchomoka kwenda ofisini mara moja. Hoteli za Lukenya, Maanzoni na mjini kwenyewe zinajaa warsha za wizara, mashirika na vyama vya akiba na mikopo. Mgeni wa semina hulipiwa kila kitu: kitanda, milo yote, chai mbili, chupa za maji. Mtumishi wa umma aliyelipiwa malazi na milo yote hapewi posho kamili ya safari, na hapo ndipo bufee inapogeuka kuwa uwanja wa kisasi. Kama posho imekatwa kwa ajili ya chakula, basi chakula kitaliwa mpaka posho irudi.

Tabia hiyo imechunguzwa. Mwaka 1985 wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha utafiti uliohusu, miongoni mwa mambo mengine, tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza katika Chuo Kikuu cha Ohio. Wanunuzi wengine walipewa punguzo bila kutarajia, wengine wakalipa bei kamili. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko waliopunguziwa. Michezo ilikuwa ileile na viti vilevile. Uchungu wa kulipa ndio uliowasukuma mlangoni. Ukitazama foleni ya bufee Lukenya saa saba mchana utaona uchungu huohuo umeshika sahani: wali, chapati, ugali na viazi vimekaa pamoja, juu yake samaki, kuku na nyama ya ng'ombe, na ukingoni kipande cha tikiti kinachoogelea kwenye mchuzi. Kikao cha saa nane baada ya hapo kila mwendeshaji wa semina anakijua na anakiogopa.

Mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980 huko Lang'ata, uliigeuza tabia hii kuwa tamthilia. Unalipa bei moja, wahudumu wanazunguka na nyama kwenye mishikaki mirefu, na kwenye meza kuna bendera ndogo. Ikiwa imesimama, nyama inaendelea kuja. Ukiishusha umekubali kushindwa. Busara ya mpango ule ni kwamba uamuzi wa kuacha umewekwa mbele ya macho ya watu wote, na hivyo kuacha kunakuwa sehemu ya mchezo. Bufee ya semina haina bendera, kwa hiyo watu hushindwa kimyakimya.

Kwa anayekula kwa kifurushi, bufee ina siri moja ya wazi: saa. Chakula hutolewa jikoni kikiwa bora kabisa katika nusu saa ya kwanza. Samaki wa saa sita na nusu na samaki wa saa nane si samaki mmoja. Kama ratiba yenu ya bustani inawaruhusu, kuleni mapema, wakati wengine bado wanapiga picha kando ya maji, kisha mwende kwenye mashua na mabembea wakati wao wako foleni. Waliozoea Florida hufanya hivyohivyo, na si kwa sababu ni wajanja kuliko sisi. Foleni ni foleni popote.

Zaidi ya saa kuna mahali. Ramani ya tumbo hailingani na ramani ya bustani. Mgahawa unaosifiwa ukiwa upande wa mjini na watoto wako kwenye bembea upande wa bwawa, basi mlo mmoja unakugharimu saa mbili, kwa sababu watoto hawatembei, wanaburutwa. Familia yenye watoto wadogo na ichukue mlo ulio karibu na mabembea, kivuli na choo, kwa utaratibu huohuo wa umuhimu. Kikundi cha watu wazima wanaotaka kuzungumza na watoke kabisa bustanini, wakale mjini ambako wenye mikahawa wanawalisha wenyeji siku saba za juma. Mkahawa unaotegemea wageni wa Jumamosi pekee hauna sababu kubwa ya kukukumbuka. Ule unaolisha makarani wa mahakama na walimu kila siku ukikosea Jumanne utasikia habari yake Jumatano.

Wanaokwenda kutazama maji yanayoonekana kupanda mlima kule Kituluni, au wanaopanda Ol Donyo Sabuk, hifadhi ya taifa ndogo tangu 1967 ambayo kilele chake kinazidi mita 2,100, suala lao ni jepesi: chukueni chakula cha kufungiwa. Kama mmelipia milo yote hotelini, ombeni jikoni usiku uliotangulia wawafungie cha mchana. Hoteli nyingi hukubali, lakini si asubuhi wakati basi linapiga honi. Na mkumbuke nyani wa mlimani nao hawana kuponi ila wana mikono.

Upande wa pili wa habari hii ni wale ambao kwao kulipia chakula mapema si anasa ya wikendi. Hadi miaka ya mwisho ya 1980, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma Kenya alikula kwenye bwalo bila kulipa mlangoni. Katika miaka ya 1990, serikali ilipoanzisha kugawana gharama, ukaja utaratibu wa kulipa kadiri unavyokula. Ghafla kila mwanafunzi alikuwa na uhuru kamili wa kuchagua sahani, na wengi waliutumia uhuru huo kuchagua kutokula, au kupika ugali chumbani kwa koili ya umeme iliyofichwa chini ya kitanda. Fedha zikiwa mkononi kila siku, njaa ya leo hushindana na nauli ya kesho, na mara nyingi hushindwa.

Shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 huko Ruiru, lilikwenda njia ya kinyume. Mzazi hutuma pesa kwa M-Pesa, mtoto huvaa bangili yenye chipu, na saa ya chakula huigusisha kwenye mashine akapewa sahani. Nairobi, kwenye mradi wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, na kaunti hubeba sehemu kubwa iliyobaki. Mtoto hachagui mgahawa wala sahani. Wote wanakula kilichopikwa, na kwa sababu hakuna anayechagua, jiko linaweza kujua mapema lipike kiasi gani, halitupi chakula kingi, na gharama inashuka. Uchaguzi una bei yake, na mzazi wa Kayole aliyelipia mtoto wake kwa njia hiyo Jumatatu anaweza kuwa ndiye yuleyule anayelalamika Jumamosi Machakos kwamba kuponi haikumpa nafasi ya kuchagua samaki badala ya kuku. Analalamika kwa haki, maana Jumamosi alilipia kuchagua.

Kwa hiyo mweka hazina, kabla hujabonyeza namba ya siri, uliza mkahawa mambo machache yasiyo na aibu. Kuponi inakubaliwa mpaka saa ngapi? Mtu asipofika, sahani yake inaweza kuliwa na mwingine, kufungwa, au imepotea? Mtoto anahesabiwa mtu mzima kuanzia umri gani? Disney hukata kwa miaka 10, lakini hapa kwetu kuna anayekata kwa urefu wa mtoto anavyomwona mlangoni. Soda imo au haimo? Maji je? Na uliza kwa ujumbe wa maandishi, upate jibu la maandishi, kwa sababu meneja wa Jumatano na meneja wa Jumamosi huwa watu wawili tofauti.

Uliza pia kuhusu dereva na utingo wake. Vikundi vingi huwasahau kwenye hesabu, kisha saa nane mchana kunakuwa na watu wawili wenye njaa wanaotazama wenzao wakila, nao ndio watakaowarudisha Nairobi usiku. Wenye mikahawa walio barabarani hawasahau kamwe. Kwao ni desturi dereva aliyeleta basi zima kula bure, na kula vizuri, sehemu nono ya paja. Wanajua safari ijayo kikundi kingine kikimwuliza waende kula wapi, yeye ndiye atakayejibu.